Mwanga wa nsenene na mwanga wa leza: chembe ya semikondakta hushikwaje?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa fizikia, kwetu ni Masaka, Uganda. Nimesoma kwamba kuna maabara zinazonasa chembe ndogo sana za semikondakta kwa mwanga wa leza, kisha zinachunguzwa moja moja. Sisi nyumbani tunanasa nsenene (panzi wanaoliwa) kwa taa tangu zamani. Je, ni jambo la aina moja? Mwanga usio na uzito unashikaje kitu? Na kwa nini wanasema semikondakta ni ngumu kunasa kuliko kioo? Kuna lolote tunaloweza kulijaribu sisi wenyewe?"

Marahaba, kijana wangu. Mfano wako wa nsenene nimeupenda, na nitaanzia hapo hapo, kwa sababu ukiona mahali unapokatika umeshaelewa nusu ya jambo lote.

Novemba ikifika, juu ya vilima vya kwenu mabati yanasimamishwa, mapipa yanawekwa chini yake, taa kali zinawashwa, majani mabichi yanachomwa yatoe moshi. Nsenene anaiona taa kwa macho yake, anaijia kwa mbawa zake, analewa moshi, anagonga bati na kuteleza mpaka pipani. Taa ilimwita tu. Kilichomshika ni bati na pipa. Sasa chembe ya semikondakta, yaani kitu kama silikoni kinachopitisha umeme kwa kiasi tu, haina macho wala mbawa, na katika tone la maji inamoelea hakuna bati lolote. Mwanga wa leza hauiiti. Unaisukuma na kuivuta wenyewe, kwa kani inayopimika, mpaka chembe inatulia mahali pamoja. Hapo mwanga ndio mkono, ndio bati, ndio pipa.

Swali lako la pili lina uzito zaidi. Fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, haina masi, hilo ni kweli, lakini ina momenta, yaani msukumo wa mwendo. Mpira ukikupiga kifuani unarudi nyuma hatua moja kwa sababu mpira ulikuja na mwendo na umekuachia. Fotoni nayo huja na mwendo wake, na kadiri urefu wa wimbi unavyokuwa mfupi ndivyo momenta yake inavyokuwa kubwa. Mwaka 1619 Johannes Kepler alikwishadokeza kwamba mkia wa nyotamkia huelekea upande usio wa jua kwa sababu mwanga wa jua unausukuma. James Clerk Maxwell akaliweka katika hesabu mwaka 1873, na mwanzoni mwa karne ya 20 Lebedev kule Urusi, na Nichols na Hull kule Marekani, wakaupima msukumo huo kwa vyombo.

Ni msukumo mdogo mno. Bati la mita moja ya mraba lililopakwa rangi nyeusi, likipigwa na jua kali la saa saba mchana lenye wati 1000, hupata msukumo sawa na uzito wa theluthi moja ya miligramu. Hakuna fundi wa mapaa aliyewahi kulalamika juu ya hilo. Lakini punguza kitu chenyewe. Miale ya leza yenye miliwati 1 tu, ikifyonzwa yote, inatoa kani ya pikonyutoni 3.3 (pikonyutoni ni sehemu ya trilioni ya nyutoni). Gololi ya kioo yenye kipenyo cha maikromita 1, yaani sehemu ya elfu ya milimita, ina uzito wa karibu pikonyutoni 0.01. Kwa gololi hiyo, miliwati moja ni mara mia tatu ya uzito wake. Udogo umeugeuza msukumo dhaifu kuwa upepo wa kimbunga.

Hata hivyo kusukuma si kushika. Upepo unasukuma karatasi, lakini hauiweki mahali pamoja. Aliyeligundua la kushika ni Arthur Ashkin, mtafiti wa Bell Labs huko New Jersey. Mwaka 1970 alielekeza leza kwenye vigololi vya plastiki vilivyoelea majini, akitarajia kuviona vikisukumwa mbele. Vilisukumwa kweli. Lakini vile vilivyokuwa pembeni ya mwale vilivutwa pia kuingia katikati yake, jambo ambalo hakulitarajia. Nusu nzima ya utaalamu huu imetoka kwenye macho ya mtu ambaye hakupuuza kile ambacho hakukitafuta.

Sababu yake unaweza kuielewa kwa chanuo. Sugua chanuo la plastiki kwenye nywele kavu, kisha lisogeze karibu na vipande vya karatasi. Karatasi haina chaji, lakini inavutwa. Uga wa umeme wa chanuo, yaani eneo la nguvu yake, unazisogeza chaji ndani ya karatasi, za aina moja upande huu na za aina nyingine upande ule, na kwa kuwa uga una nguvu zaidi karibu na chanuo, upande wa karibu unavutwa kuliko upande wa mbali unavyosukumwa. Karatasi inakimbilia penye uga mkali. Mwanga nao ni uga wa umeme, ila unaogeuka: kwa leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita) unageuka na kurudi karibu mara trilioni 280 kwa sekunde. Uga ukigeuka, chaji ndani ya chembe nazo hugeuka pamoja nao, kwa hiyo mvuto unabaki kuelekea kule kule, penye mwanga mkali zaidi.

Basi kusanya mwale kwa lenzi ya hadubini yenye nguvu mpaka uwe kitone kidogo cha nusu maikromita. Kila upande unaotoka kwenye kitone hicho, mwanga unapungua ghafla. Chembe ikitaka kwenda kushoto inarudishwa, ikitaka kwenda juu inarudishwa. Mwaka 1986 Ashkin na wenzake watatu, mmoja wao Steven Chu, walionyesha kwamba mwale mmoja uliokusanywa hivyo unatosha kushika chembe za kuanzia maikromita 10 hadi takriban nanomita 25. Chombo hicho ndicho naita kibano cha mwanga. Ashkin alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2018, akiwa na miaka 96.

Sasa tuje kwenye semikondakta, au nusu-kipitishi kama vitabu vingine vinavyosema. Umeandika kwamba ni ngumu kunasa kuliko kioo. Sentensi hiyo inahitaji kupasuliwa, kwa sababu ina ukweli na ina kosa.

Kani inayovuta kuelekea kwenye mwanga mkali hutegemea mambo mawili: ujazo wa chembe, na jinsi kitu kinavyoupinda mwanga kuliko maji yanayokizunguka. Maji yana kipimo cha 1.33. Kioo cha silika ni 1.45, tofauti ndogo. Kadmiamu selenaidi, semikondakta inayotumika sana katika chembe hizi, ni karibu 2.5, na silikoni katika infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ni karibu 3.5. Ukiziweka namba hizo kwenye fomula ya chembe ndogo kuliko wimbi (utaikuta kwenye somo lenu la uga wa umeme, ile ya tufe la kihami ndani ya uga), unapata kwamba chembe ya kadmiamu selenaidi huvutwa karibu mara nane ya chembe ya silika yenye ukubwa ule ule, na ya silikoni karibu mara kumi na moja. Kwa hiyo chembe ndogo ya semikondakta hushikika vizuri kuliko ya kioo. Hilo ndilo kosa.

Ukweli uko kwingine. Kwanza, chembe ikiwa kubwa, kipimo hicho hicho kikubwa kinageuka adui. Uso wa silikoni ndani ya maji unarudisha karibu asilimia 20 ya mwanga unaoupiga moja kwa moja. Uso wa silika unarudisha asilimia 0.2 tu. Mwanga unaorudishwa unasukuma mbele kwa nguvu, na tufe la silikoni la maikromita moja au mbili hupeperushwa nje ya mtego kabla mvuto haujafanya kazi. Ndiyo maana kazi nzuri imefanyika na maumbo membamba. Mwaka 2006 kikundi cha Berkeley, California, kilinasa nyaya ndogo za semikondakta ndani ya maji, nyembamba kuliko urefu wa wimbi la leza lakini ndefu sana ukilinganisha na wembamba wake, kikazibeba na kuziunga moja kwa nyingine kama fundi anayepanga fito. Kazi hiyo naipenda sana. Mtu anajenga kitu bila kukigusa.

Pili, tukienda upande wa udogo, tunakutana na maji yenyewe. Molekuli za maji hazitulii. Zinaipiga chembe kutoka kila upande bila kukoma, na chembe inacheza. Huu ndio mwendo wa Brown, ambao Einstein aliufafanua kwa hesabu mwaka 1905. Chembe ya nanomita 10 ndani ya maji ya joto la kawaida huvuka kitone chote cha mwanga kwa muda wa milisekunde tatu hivi. Na hapa hesabu ni katili: ukigawanya kipenyo kwa kumi, ujazo unagawanyika kwa elfu, na mvuto wa mwanga nao kwa elfu. Vishindo vya molekuli havipungui hata kidogo, kwa sababu vinatokana na joto la maji, na joto ni lile lile. Kanuni ya kazi tunayoitumia ni kwamba kina cha mtego kiwe angalau mara kumi ya nishati ya joto, ambayo kwa joto la chumba ni kama joule 4 kugawanya kwa moja yenye sifuri 21. Chini ya hapo chembe itakaa kidogo, kisha itatoroka.

Utasema basi ongeza nguvu ya leza. Hapo ndipo tunafika kwenye moyo wa jibu langu, jambo la tatu, na hili ndilo linaloitenga semikondakta na kioo kabisa.

Semikondakta ina pengo la nishati. Elektroni zake zimetulia chini, na juu kuna nafasi tupu, katikati hakuna pa kukaa. Fotoni yenye nishati ndogo kuliko pengo inapita kana kwamba haikuona kitu. Fotoni yenye nishati kubwa kuliko pengo inamezwa, elektroni inaruka juu na kuacha tundu nyuma yake. Hicho ndicho kinachotokea kila asubuhi kwenye paneli za sola zilizo juu ya mapaa ya vijiji vyetu: mwanga unamezwa, elektroni zinaruka, simu inachajiwa. Katika paneli tunakitaka hicho. Katika mtego hatukitaki, kwa sababu mwanga unaomezwa unasukuma badala ya kushika, na nishati yake inaweza kuishia kuwa joto litakaloiharibu chembe au kuyachemsha maji yaliyo karibu nayo.

Kwa hiyo leza huchaguliwa kwa rangi kabla ya kuchaguliwa kwa nguvu. Pengo la kadmiamu selenaidi ni elektroni-volti 1.74 (kipimo cha nishati ya vitu vidogo kama elektroni). Fotoni ya leza ya nanomita 1064 ina elektroni-volti 1.17. Inapita, na chembe inashikwa bila kuumeza mwanga. Silikoni ina pengo la 1.12, chini kidogo ya fotoni hiyo, kwa hiyo huimeza kidogo leza ya nanomita 1064, na ukitaka usalama unakwenda kwenye nanomita 1550 ambako silikoni ni angavu kama kioo cha dirisha. Mwanafunzi akiniletea mpango wa kunasa semikondakta bila kuniambia pengo lake ni kiasi gani, namrudishia karatasi yake.

Ashkin aliyaona haya kwa viumbe hai pia. Mwaka 1987 aliponasa bakteria kwa leza ya kijani, walikufa kwenye mtego. Alipohamia infraredi waliishi, na wakagawanyika humo humo wakiwa wameshikwa.

Lakini pengo lenyewe si kitu kilichosimama. Chembe ya semikondakta ikipunguzwa mpaka nanomita chache, elektroni inabanwa kama nyuzi ya gitaa iliyofupishwa, na pengo linapanuka. Ndiyo maana kadmiamu selenaidi ya nanomita 2 inang'aa bluu na ile ya nanomita 6 inang'aa nyekundu, ingawa ni kemikali ile ile. Chembe hizi huitwa nukta za kwanta, na Ekimov, Brus na Bawendi walipata kwa ajili yake Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023.

Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Niels Bohr, Copenhagen, walionyesha kwamba nukta moja ya kwanta inaweza kushikwa kwa kibano cha mwanga cha kawaida, leza ya nanomita 1064. Kisha mwaka 2010 wakaonyesha kitu ambacho bado kinanifurahisha ninapokifundisha. Fotoni moja ya leza hiyo haitoshi kuvuka pengo. Lakini katika kitone kile mwanga umebanana kiasi kwamba fotoni mbili hufika pamoja, na 1.17 mara mbili ni zaidi ya 2.3, ambayo inatosha. Nukta inazimeza zote mbili kwa pigo moja na kutoa mwanga wake wenyewe. Leza moja inaishika na inaiwasha. Huhitaji taa ya pili.

Na hapo swali la "kuzichunguza moja moja" linapata maana. Chupa ndogo ya mchanganyiko ina nukta nyingi kupita kuhesabika, kila moja na ukubwa wake kidogo. Ukipima mwanga wa chupa nzima, ni kama kusimama Old Taxi Park, kituo cha matatu cha Kampala, saa kumi na moja jioni ukitaka kusikia sauti ya konda mmoja: unasikia ngurumo. Mwaka 1996, chembe hizi zilipotazamwa moja moja, ilionekana kwamba zinapepesa. Zinawaka, zinazima, zinawaka tena, bila ratiba. Katika chupa jambo hilo lilikuwa limefichwa kabisa, kwa sababu nyingine zikizima nyingine zinawaka.

Kuitazama chembe moja kwa muda mrefu unaweza pia kuigandisha kwenye kipande cha kioo, na wengi hufanya hivyo. Ila kioo kinaigusa, na semikondakta ndogo hivi karibu ni uso mtupu. Kitakachougusa uso huo kinaibadili. Mtego wa mwanga unaiacha ielee. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa maoni yangu, kuliko hata uwezo wa kuibeba.

Mtego pia ni mizani. Chembe iliyoshikwa bado inatetemeka kwa vishindo vya maji, na ukubwa wa mtetemo unakwambia ugumu wa mtego, kama springi. Gololi ya maikromita moja ikitetemeka nanomita 20 kutoka katikati, ugumu ni nishati ya joto gawanya kwa mraba wa nanomita 20: pikonyutoni 10 kwa kila maikromita. Hujapima kitu kingine chochote ila mtetemo. Kutoka hapo unarudi nyuma na kupata jinsi chembe inavyoitikia uga wa mwanga, hata ukubwa wake.

Kuhusu joto, maji yenyewe hufyonza kidogo infraredi ya 1064. Hesabu karibu digrii moja kwa kila miliwati 100 penye kitone. Si kitu cha kutisha, lakini ukisahau utadhani mtego umelegea kumbe maji yamepata joto na kuwa mepesi.

Swali lako la mwisho, la kujaribu wenyewe. Nitakuomba kitu kimoja kwanza: usijaribu kuunda kibano cha mwanga kwa leza uliyoinunua mtandaoni. Miale ya infraredi haionekani, kope haijui kufumba, na miliwati mia moja inaunguza retina kabla hujajua kwamba imewaka. Wavunaji wa nsenene kwenu wanalalamika macho kwa sababu ya taa wanazoziona, hii hutaiona. Kazi hiyo inahitaji miwani maalumu, meza isiyotikisika na mtu aliyeizoea kusimama kando yako.

Lakini nusu ya pili ya hadithi, yaani vishindo vya maji, unaweza kuipima wiki hii kwa hadubini yoyote ya maabara ya shule. Chukua maziwa ya pakiti, si yale ya kukamuliwa. Ya kukamuliwa yana matone makubwa ya mafuta yanayotulia. Kiwandani matone yamevunjwa yakawa madogo, na madogo ndiyo yanayocheza. Tone moja kwenye glasi ya maji, kisha tone la mchanganyiko huo chini ya kioo chembamba, kingo zake uzipake mafuta ya mgando ili maji yasikauke na kuleta mkondo. Kwa lenzi ya mara 10 weka rula ya plastiki angavu uone milimita ngapi zinaenea kwenye duara. Ukihamia lenzi ya mara 40, gawanya kwa nne. Hapo umepata kipimo chako.

Weka simu kwenye jicho la hadubini, rekodi dakika mbili. Chagua tone lenye kipenyo cha karibu maikromita 1, na kila baada ya sekunde 10 andika limesogea kiasi gani kushoto au kulia. Fanya hivyo kwa matone ishirini, chukua wastani wa miraba, tafuta kipeuo chake cha pili. Hesabu inasema utapata karibu maikromita 3. Kisha rudia kwa vipindi vya sekunde 40, na umbali uwe mara mbili tu, si mara nne. Ukipata mara nne, maji yako yana mkondo: kingo hazikufungwa vizuri, anza upya.